Tusichague Kikapu kwa Rangi Yake

Ndugu Wanachama,

Mkutano wetu mkuu umekaribia, na miongoni mwa mambo yatakayoletwa mbele yenu ni hili la duka letu la intaneti, yaani ile programu ya kikapu itakayotumika humo baada ya ile ya kwanza kutushinda. Kamati imepokea maombi matatu, na nasikia mabarazani watu wamekwisha piga kura kabla ya mkutano. Huyu asema lile lenye picha kubwa kubwa ndilo zuri, yule asema lile la bei rahisi. Kwa vile mimi ndiye niliyekuwa mbele katika kuchagua lile la kwanza, na kwa hivyo ndiye niliyepotea mbele ya wengine, naona yanipasa niseme rai yangu kwa maandishi, ili anayetaka kunipinga anipinge kwa nililolisema, asinipinge kwa nililosingiziwa.

Kwanza niondoe shaka moja. Hapana anayesema tuuze karafuu katika duka hili. Karafuu ina njia yake na sheria yake, na njia hiyo sote twaijua. Duka ni la vile vitu vilivyo kando ya karafuu: mdalasini, pilipili manga, hiliki, kungumanga, manjano, na sabuni za mchaichai wanazotengeneza akina mama wa chama chetu. Hivi ndivyo vinavyotutia shilingi mkononi katika mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, na kila mtu hapa anajua mwaka kama huo ulivyo.

Wako wazee walioniuliza, kikapu hiki ni kitu gani hata kigombaniwe. Ni ile sehemu ya duka inayokumbuka mnunuzi kachukua nini, inayojumlisha bei, inayoongeza gharama ya kupeleka mzigo, inayopokea malipo, na kutuandikia sisi nani ataka nini na apelekewe wapi. Picha, rangi na maneno matamu ni kuta na mapazia tu. Kikapu ndicho mizani na daftari.

Jina lenyewe limetoka katika maduka ya kawaida. Mwaka 1937, katika mji wa Oklahoma City huko Marekani, mwenye maduka mmoja jina lake Sylvan Goldman aliona wanunuzi wake huacha kununua mara tu kikapu cha mkononi kinapokuwa kizito. Akatengeneza kigari chenye magurudumu, kinachobeba vikapu viwili. Watu wakakikataa! Kwa maelezo yake mwenyewe, vijana waliona wataonekana hawana nguvu, na wanawake walisema wamekwisha choka kusukuma vigari vya watoto. Ikambidi aajiri watu wazunguke dukani wakisukuma vigari hivyo na kujitia wananunua, mpaka wengine wakaona si aibu. Naipenda khabari hii kwa sababu Goldman hakuanza na swali la duka lake lionekane vipi. Alianza na mkono wa mnunuzi uliochoka.

Kikapu cha intaneti nacho kilizaliwa kwa haja ya namna hiyo. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kile kijikumbusho kidogo kiitwacho kuki, ambacho duka hukiweka katika mashine ya mnunuzi, na mojawapo ya mambo yaliyomsukuma ni kutaka duka likumbuke alichokwisha chagua mtu. Nasema haya kwa sababu kikapu chetu cha kwanza hata kukumbuka kilikuwa hakijui. Mtandao ukikatika kidogo, ukirudi, kikapu kitupu, na mnunuzi aanze tena kama mtu aliyemwagikiwa na pakacha njiani.

Na hapa sina budi kueleza khasara yetu, maana wengi mmeisikia nusu nusu.

Fundi aliyetutengenezea duka lile alikuja ofisini na mashine yake nzuri, akatuonyesha picha ya mdalasini inazunguka kama feni. Tulikaa kamati nzima tukaitazama ule mzunguko wake, na hapana hata mmoja wetu, nami nikiwa Katibu, aliyesema, "Hebu tununue kitu tuone." Tulipiga makofi, tukalipa. Programu ilikuwa ameiandika mwenyewe tangu mwanzo hata mwisho, na tuliona hiyo ni fakhari, kuwa duka letu halifanani na la mtu.

Baada ya miezi mitatu nikapata barua ya ndugu yetu mmoja aliyeko Maskati, mtu wa hapa hapa kwetu, ambaye alitaka hiliki na sabuni kwa ajili ya harusi. Alichagua vitu vyake. Duka likamtaka jina, likamtaka neno la siri, likamtaka tarehe ya kuzaliwa (kwa nini, sijui mpaka leo, labda sabuni zetu zina umri wake). Akajaza yote. Alipofika ukurasa wa mwisho kabisa ndipo alipoambiwa gharama ya kupeleka mzigo, nayo ilikuwa yapita bei ya hiliki yenyewe. Akaniandikia: "Katibu, mimi si mgeni, lakini nimejiona kama mgeni aliyeingizwa ndani ili apigwe bei." Hakununua.

Mwengine alinunua na kulipa, na hiliki hatunazo. Zilikwisha ghalani wiki mbili kabla, lakini duka halikujua, kwani hesabu yake na hesabu ya ghala zilikuwa hazikutani. Tulirejesha fedha kwa tabu na kwa aibu. Kisha fundi akahama, na tulipotaka kubadilisha bei tukagundua kuwa jina la tovuti limeandikishwa kwa jina lake, na maneno ya siri yote anayo yeye. Nyumba yetu, kiwanja cha mtu. Sabuni za akina mama zilikaa ghalani mpaka harufu ikaondoka, na wale waliozitengeneza wakangoja fedha zao hata Ramadhani ikaingia. Hilo ndilo linaloniuma, maana wao hawakupiga makofi. Hawakuwamo kamatini.

Basi tunapochagua mara hii, tutazame nini?

Mimi naanza na gharama ya kupeleka, kwa sababu ndiyo iliyotuvunja, na si sisi peke yetu. Taasisi ya Baymard ya Denmark imekusanya kwa miaka mingi uchunguzi juu ya jambo hili, na wastani wake ni kuwa katika vikapu 10 vinavyojazwa katika maduka ya intaneti, kama 7 huachwa bila ya kulipiwa. Wengine hutazama tu, kama watazamavyo watu vitambaa dukani, hao si wa kuwalaumu. Lakini katika hao waliokuwa wataka kununua kweli, sababu inayotajwa zaidi ya zote ni gharama za ziada zinazotokea mwishoni: kupeleka, ushuru na ada. Mtu hakatai kulipa gharama ya posta, anajua sabuni haina mbawa. Anakataa kufichwa.

Na sisi tuliosoma chuoni jambo hili si geni kwetu. Maalim alitufundisha kuwa biashara yataka bei ijulikane na kitu kijulikane, na mauzo yenye gizagiza ndani yake ni gharari, hayafai. Duka linaloficha gharama mpaka mtu amekwisha jaza jina na anwani halikuvunja sheria ya serikali pengine, lakini lina harufu ya gharari, na mnunuzi aisikia harufu hiyo upesi kuliko harufu ya mdalasini.

Kwa hivyo kikapu chetu kiweze kufanya hivi: mnunuzi akichagua nchi yake na kuweka kitu cha kwanza, aone hapo hapo kupeleka ni kiasi gani, na akiongeza kitu cha pili aone kilivyobadilika. Programu nzuri hukuruhusu kuweka jedwali la uzito na nchi: gramu kadhaa kwenda Dar es Salaam, bei hii, kwenda Maskati, bei hii, kwenda London, bei hii. Kazi ya kupima ni yetu. Lazima kila kifurushi kipimwe pamoja na boksi lake na karatasi zake, si hiliki peke yake. Na palipo na ushuru wa huko mzigo uendako, duka liseme wazi nani ataulipa. Kwa mfano Marekani, iliyokuwa ikisamehe ushuru vifurushi visivyozidi dola 800, iliondoa msamaha huo kwa nchi zote tangu tarehe 29 Agosti 2025. Mnunuzi wa huko asipoambiwa na sisi ataambiwa na posta mlangoni kwake, na laana itatufikia sisi.

La pili ni hili la kumlazimisha mtu ajiandikishe. Jared Spool, Mmarekani anayechunguza jinsi watu wanavyotumia tovuti, alieleza mwaka 2009 khabari ya duka moja kubwa lililokuwa likimtaka kila mnunuzi ajiandikishe kabla ya kulipa. Wenye duka walidhani wanawafanyia watu hisani, kuwa wakirudi tena itakuwa rahisi. Wanunuzi walichukia, na wale wa zamani wengi wao walikuwa wamekwisha sahau maneno yao ya siri. Kitufe cha kujiandikisha kikaondolewa, kikawekwa cha kuendelea tu, pamoja na maneno machache ya kumwambia mtu kuwa si lazima ajiandikishe. Mauzo yakapanda kwa asilimia 45, na kwa mwaka wa kwanza zikaingia dola milioni 300 zaidi. Kwa kitufe! Sisi hatuna milioni ya dola hata moja ya kungojea, lakini ndugu yetu wa Maskati tulimpoteza kwa kosa hilo hilo. Mtu anayenunua robo kilo ya pilipili manga apaswa kuulizwa jina, anwani, simu, basi.

Mzee mmoja wa kamati yetu aliniuliza swali ambalo nililicheka kidogo moyoni kisha nikajuta kulicheka. Alisema, "Mwanangu Katibu, hilo duka lina mlango wa kutokea?" Nilimwambia, mzee wangu, hilo si duka la matofali. Akasema, "Najua. Lakini mtu akichukua kitu, akaona hakimfai, anakirudisha wapi?" Alikuwa akiuliza juu ya khiyari, kuwa mwenye kununua ana haki ya kubadilisha nia yake kabla ya kuachana na muuzaji. Kikapu cha zamani kilikuwa na kitufe kikubwa chekundu cha kulipa, na cha kuondoa kitu kilikuwa kidogo kama siafu, na ukikibonyeza kilifuta vyote. Katika maombi matatu yaliyoko mbele yetu moja bado lina ugonjwa huu. Sitalitaja, mtaliona wenyewe.

Ama kuhusu malipo, nisikilizeni vizuri maana hapa ndipo penye hatari. Wanunuzi wetu ni wa namna mbili. Walioko nchini watataka kulipa kwa simu, M-Pesa, Airtel Money na nyenginezo, na walioko nje watataka kulipa kwa kadi. Kikapu kisichoweza yote mawili hakitufai, hata kikiwa cha dhahabu. Kwa malipo ya simu, jambo la kutazama ni kama programu yenyewe inapata uthibitisho kutoka kwa kampuni ya simu kuwa fedha zimeingia. Hivi sasa tunapokea picha za ujumbe ambazo watu wanatutumia, "Katibu, nimelipa, tazama," na ujumbe wa simu ni kitu cha kuandikwa na yeyote mwenye vidole.

Kwa upande wa kadi, duka letu lisishike namba za kadi za watu hata kwa dakika moja. Mnunuzi apelekwe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo yenye ujuzi, alipe huko, kisha arudi. Kanuni za makampuni ya kadi zinakataza kabisa kuweka zile tarakimu za siri za nyuma ya kadi baada ya malipo kukubaliwa, lakini fundi wetu wa kwanza alikuwa akiziweka katika daftari lile lile lenye anwani. Tulipogundua nilikosa usingizi. Mwaka 2018 wezi walitia maneno machache tu ya programu katika tovuti ya shirika la ndege la British Airways, wakawa wananakili kadi za abiria wakati wanalipa. Shirika likaja kutozwa faini ya pauni milioni 20 mwaka 2020. Ikiwa shirika kubwa kama lile liliingiliwa, sisi wenye ofisi ya vyumba viwili tutajilinda na nini? Kinga yetu ni kutokuwa na kitu cha kuibiwa.

Hesabu ya ghala nitaipita upesi. Kikapu kipunguze idadi kila kinapouza, na kikifika sifuri kiseme kimekwisha. Programu zote za maana zinafanya hivyo. Tatizo letu halikuwa programu tu, lilikuwa pia mtu wa ghala kutoandika, na hilo nimekwisha zungumza naye.

Sasa nifike penye maombi yenyewe.

Moja ni la fundi wa kuandika programu mpya, ya peke yetu. Hili nalikataa moja kwa moja. Si kwa ubaya wa kijana aliyeomba, ni mtu mwenye adabu na ujuzi. Nalikataa kwa sababu programu ya mtu mmoja huzeeka siku anayopata kazi kwengine, na sisi tumekwisha kuumwa na nyoka huyu.

La pili ni la Shopify, kampuni ya Canada, ambayo hukodisha duka zima kwa mwezi. Wao hulinda, hutengeneza, hubadilisha. Wewe unapanga tu bidhaa zako. Mshika fedha wetu anapendelea hili, na hoja yake ni nzito: sisi ni wakulima, hatuna mtu wa kuamka usiku kutengeneza mashine. Nakubali. Lakini huduma yao wenyewe ya kupokea malipo haifanyi kazi Tanzania, kwa hivyo yatubidi tutumie ya kampuni nyengine, na ukifanya hivyo wao hutoza ziada yao juu ya kila mauzo, mbali na kodi ya mwezi. Na kodi ya mwezi hailali. Mwezi tusiouza kitu, twalipa.

La tatu ni la WooCommerce, ambayo ilitoka mwaka 2011 na hufanya kazi juu ya WordPress. Programu yenyewe ni ya bure na imefunguliwa, yaani fundi yeyote aijuaye anaweza kuendelea alipoachia mwenzake. Twalipa mahali pa kuiweka, na baadhi ya viungo vya kuongeza, kama kile cha malipo ya simu. Mimi niko upande wa hili, lakini sitaki mtu adhani bure ni bure. Programu hii ni kama shamba, isipopaliliwa yamezwa na magugu. Matoleo mapya hutoka mara kwa mara ya kuziba matundu yanayoonekana, na asiyeyaweka aacha mlango wazi. Mfano ni Magento, programu nyengine ya namna hii: toleo lake la kwanza liliachwa kuhudumiwa mwezi wa Juni 2020, na maduka mengi yakaonekana bado yakaa ndani yake kama watu waliokataa kuhama nyumba yenye ufa.

Kwa hivyo rai yangu ina masharti. Tuchukue WooCommerce ikiwa tu mkutano utakubali kutenga fedha za mpalilizi, yaani fundi wa kulipwa kwa mkataba wa mwaka, na vijana wawili wa chama wasomeshwe kazi hiyo, mmoja wao akiwa katika akina mama wa sabuni. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la chama. Maneno ya siri yakae katika bahasha ndani ya kasha la mshika fedha. Na kila mwisho wa mwezi orodha ya wanunuzi na mauzo itolewe na kuwekwa mahali petu. Ikiwa mkutano utaona masharti haya ni mazito, basi nitamuunga mkono mshika fedha na Shopify yake, na sitanuna. Duka la kukodi linalofanya kazi ni bora kuliko shamba letu wenyewe lililoachwa msitu.

Wako watakaosema, haya yote kwa mauzo haya kidogo? Nawajibu kuwa ndugu zetu walioko Omani, Dubai na London wananunua viungo kila wiki, na vingi katika hivyo vimetoka nchi nyengine na kupita mikono mingi. Wangependa kununua kwa ndugu yao. Wamejaribu, na sisi ndio tuliowafungia mlango.

Jumamosi inayotangulia mkutano, baada ya swala ya alasiri, vikapu vyote vitatu vitakuwa wazi ghalani kwa majaribio. Msije kutazama mashine ya ofisini. Kila mtu aje na simu yake, na ile ndogo yenye kioo kilichopasuka ndiyo naitaka zaidi. Kila mmoja anunue pilipili manga robo kilo, ajitie yuko Maskati, kisha abadilishe nia aondoe, kisha anunue sabuni. Hapana fedha zitakazokatwa. Mimi nitakaa na daftari pembeni, nitaandika nani kakwama wapi, na sitamsaidia mtu. Akina mama wa sabuni watapewa nafasi ya kwanza.

Wenu,
Katibu